Nondo wa Mchana

Ng'ombe alikuwa amelala tangu jana, shingo kainyoosha chini, hataki majani wala pumba. Mjane alimpangusa mate kwa kitambaa, midomo yake ikirudia dua ileile. Katika mali ya marehemu mumewe ndiye huyu tu aliyebaki, na maziwa yake ndiyo yaliyowalea wajukuu.

Daktari wa mifugo hakukaa sana na mgonjwa. Alimfunua kope, akaona njano, akaguna. Kisha akaliendea rundo la majani makavu, akachomoa bua lenye maua ya manjano yaliyosinyaa.

"Mama, na hili unamlisha?"

"Limejichanganya humo baba. Likiwa bichi hulikwepa mwenyewe."

"Likikauka uchungu hupungua. Sumu iko palepale, inakula ini polepole."

Akatoka hadi kwenye uzio, mjane nyuma yake, na wifi yake naye, asiyekosa msiba wala soga. Gugu lilelile lilikuwa limewafika kifuani. Mdudu mwekundu kwa mweusi aliruka juani, akatua.

"Kipepeo huyo," alisema wifi.

"Tazama vipapasio vyake. Cha kipepeo kina kirungu nchani; hiki chembamba mpaka mwisho. Na mabawa kayalaza kama paa la nyumba. Huyu ni nondo, ila anapenda jua. Na mwanawe huyu hapa."

Kiwavi alikuwa peke yake kwenye shina, pete nyeusi na njano mwili mzima, utadhani soksi ya mcheza mpira.

"Wakiwa wengi hulimaliza gugu hili. Hawali kingine."

Mjane alikumbuka. Mwaka jana walijaa tele. Wifi ndiye aliyesema, "Kiwavi ni kiwavi tu, leo gugu, kesho mahindi!" Wakawakung'utia kwenye ndoo ya maji ya moto, huku wakicheka, na yeye akamshukuru Mungu kila ndoo ilipojaa.

"Na mahindi?" wifi aliuliza, sauti imemnywea.

"Wangekufa njaa wasiyaguse."

"Dawa ya ng'ombe je, baba?"

"Ini likishakwisha, mama, hakuna dawa."

Daktari alipoondoka, mjane alirudi uzioni. Kiwavi alikuwa ameanguka. Akamwokota kwa jani, akampandisha juu ya ua la gugu. Maua ya manjano yalitapakaa kutoka pale hadi kisimani.

"Mmoja, wifi?"

"Ndiye tuliyemsaza."

Ng'ombe alikoroma zizini. Mjane akaitafuta dua, akaona kila la kuomba alikwishapewa mwaka jana, na yeye mwenyewe ndiye aliyelimwagia maji ya moto.