Inchi Mbili za Mama Futi

Kwa miaka thelathini na miwili, katika duka la Fundi hakuonekana mwanamke mwenye kiuno cha kuzidi inchi thelathini na tisa. Walikuja wembamba, walikuja wanene, walikuja wenye mimba ya miezi minane, na wote walitoka nyuma ya pazia na namba ya kupendeza. Mgeni angedhani mtaa ule una maji ya ajabu. Maji yalikuwa ya kawaida tu. Ajabu ilikuwa Mama Futi.

Mama Futi alikuwa mke wa Fundi, na kazi yake ilikuwa kuwapima wanawake. Fundi alisimama upande wa pili wa pazia, kwenye meza ya kukatia, akisubiri kutajiwa namba. Mama Futi huzungusha futi, huisoma, kisha hupaza sauti: "Kiuno, thelathini na mbili!" Futi yenyewe imesema thelathini na nne. Fundi huandika thelathini na mbili, na akishika mkasi huongeza mbili zake. Nguo humkaa mteja kama alizaliwa nayo, naye hurudi nyumbani na gauni linalomtosha na namba inayomfurahisha. Nani ameumia hapo?

Desturi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake. Duka lilikuwa chumba kimoja, benchi la wanaosubiri limegusana na pazia, na kila kilichosemwa nyuma ya pazia kilisikika hadi kwa muuza mkaa wa jirani. "Mwanangu," mama mkwe alimwambia siku alipomkabidhi futi, "mtu akivua nguo mbele yako, mstiri." Basi akawastiri, kwa inchi mbili kila mahali: kifua, kiuno na nyonga. Yeye na mumewe hawakulizungumza tena jambo hilo. Lilikuwa la aina ile ambayo isiposemwa ni adabu, na ikisemwa tu inakuwa uongo.

Madhara yalikuwapo, ila yalitokea mbali. Mwalimu mmoja, tena wa hesabu, alikwenda duka la nguo za tayari akaomba sketi ya thelathini. Ikamkwama mapajani, wakaitwa wauzaji wawili kumvua. Alikuja kwa Mama Futi akiwaka moto. "Hawa wenye viwanda siku hizi wanaiba kitambaa!" Mama Futi akatikisa kichwa kwa huzuni. "Dunia imeharibika, mwalimu."

Kisha akarudi Pini.

Pini alikuwa binti yao, kitinda mimba. Jina hilo alilipata kwa wembamba, akalistahili kwa ulimi. Alikuwa amemaliza miaka miwili ya chuo cha ushonaji, na kiwanda cha sare katika mji mwingine kilikuwa kimeshamwita kazini. Akawaambia wazazi wake kinagaubaga: "Nitakaa nanyi mwezi mmoja. Nikiona nina kazi ya maana hapa, nabaki. Nikiona mimi ni wa kupiga pasi na kushona vifungo tu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao naripoti kiwandani."

Mama Futi alikuwa ameshasindikiza watoto wanne stendi. Kila mmoja aliahidi kurudi upesi, na kila mmoja sasa alikuwa sauti ya simu ya Jumapili. Huyu wa tano alitaka abaki. Alitaka hivyo kuliko alivyotaka magoti yake yapone, na magoti yalimsumbua kweli.

Pini alikuja na kadi. Kila mteja na kadi yake, vipimo kumi na viwili kwa wino, na tarehe juu. Fundi alizitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. "Mimi kadi zangu ziko hapa," akasema, akijigonga paji la uso. Kwa hiyo wiki tatu za mwanzo Pini alipiga pasi. Alishona vifungo pia, akivuta uzi kwa nguvu hadi mtu akavionea huruma vitambaa.

Wiki ya nne Matroni wa hospitali akaagiza sare za wauguzi kumi na wanne, yeye mwenyewe akiwamo. Siku ya kuwapima, Mama Futi aliamka na mafua makali, sauti imekwenda kabisa, akabaki nyumbani na kikombe cha maji ya moto. Hapakuwa na jinsi. Pini akaingia nyuma ya pazia na futi yake mwenyewe.

"Mbona hutaji namba?" muuguzi wa kwanza akamuuliza.

"Naandika, dada."

Aliwapima wote kumi na wanne, kila mmoja mara mbili, kimya. Jioni akamwekea baba yake mezani kadi kumi na nne. Fundi hakuwa na la kufanya ila kuzisoma. Akazisoma vizuri, akatandaza kitambaa, akashika chaki, na kwenye kila kifua, kila kiuno na kila nyonga mkono wake ukaongeza inchi mbili. Hakuwaza. Kilichotoka nyuma ya pazia lile kilikuwa pungufu siku zote, na mazoea yana taabu.

Ijumaa wauguzi wakaja kujaribu.

Mama Futi alikuwa amerudi dukani, sauti yake ikikwaruza kama mlango mkavu. Walianza kutoka nyuma ya pazia mmoja mmoja, na duka likapoa. Mabega ya sare yalikuwa yameshukia kwenye mikono. Viuno havikujulikana vilipo. Mdogo wao kuliko wote alijigeuza mbele ya kioo, yeye akageuka, sare ikamfuata baadaye.

Mwisho akatoka Matroni, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha hata anaposalimia. Akashika kitambaa kilichozidi ubavuni kwa vidole viwili.

"Fundi, humu umeniweka na nani?"

Wenzake wakacheka. Fundi hakucheka. Nguo kubwa hupunguzwa, si msiba. Lakini tangu aanze kazi hakuwahi kurudishiwa sare hata moja, na leo alirudishiwa kumi na nne mbele ya watu.

"Mimi kukata sijawahi kukosea," akasema. "Aliyepima ndiye aliyekosea."

"Baba, nilipima kila mtu mara mbili."

"Basi ulikosea mara mbili."

Kuna aliyecheka tena, kidogo.  Pini akakusanya kadi zake, akazifunga kwa mpira, akachukua mkoba wake kwenye msumari akaanza kutia mkasi wake, kisha futi yake.

"Mama," akasema bila kugeuka, "kiwandani nitakwenda. Walau kule nikikosea nitaonyeshwa kosa."

Mama Futi akachomoa kadi moja kwenye lile fungu, ya yule muuguzi mdogo. Kiuno, ishirini na nane. Akachukua futi ya dukani akaipitisha kwenye kiuno cha sare yake iliyotandazwa mezani, akahesabu: thelathini. Akajua. Akamtazama mumewe, na mumewe alikuwa akitazama ukuta. Ukuta ule haukuwa na kitu. Mwanamume anayetazama ukuta mtupu kwa bidii namna ile naye ameshajua.

Hapo Mama Futi akaona hasira, na hasira ile ilimshangaza kwa ukubwa wake. Akinyamaza, mwanawe angeondoka na doa la kazi ambalo si lake, na angekuwa sauti ya tano ya Jumapili. Akisema, kabla ya magharibi mji mzima ungejua kwamba hakuna namba hata moja ya kweli iliyowahi kutoka kinywani mwake. Wauguzi kumi na wanne! Hata redio haina mbio hizo. Nani angemvulia nguo tena?

"Mtoto hakukosea," akasema.

Sauti ikatoka kama mkwaruzo, hakuna aliyesikia. Akakohoa.

"Nimesema mtoto hakukosea! Kadi ni sahihi. Kosa ni letu sisi wawili, mimi na huyu anayetazama ukuta." Akakohoa tena. "Mimi nikipima mwanamke, namba naipunguza mbili. Yeye akikata anazirudisha. Ndivyo tulivyofanya miaka yote. Pini ameandika kweli, na baba yake akaongeza juu ya kweli."

Nje, muuza mkaa aliacha kujaza gunia lake ili asikie vizuri.

"Ngoja," akasema Matroni. "Kila mwanamke?"

"Kila mwanamke."

"Kwa hiyo mimi si thelathini na tisa."

"Matroni, uliwahi kuwa."

Muuguzi mmoja akaziba mdomo kwa kiganja. Mwingine akasema, "Ndiyo maana ile suruali ya kununua!" kisha akajutia kusema. Matroni akakaa kwenye benchi. Mama Futi alingoja matusi. Alikuwa tayari kuyapokea, maana njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imekwenda miaka thelathini na miwili kwa bahati tu.

"Mimi kila siku," Matroni akaanza polepole, "namwambia mtu namba ya sukari yake. Namwambia presha yake, uzito wake. Akilia namwambia bibi, futa machozi, mficha uchi hazai, sasa tujue tunaanzia wapi. Halafu mimi mwenyewe nadanganywa kiuno!" Akatazama tumbo lake kama mtu aliyetambulishwa kwa jirani wa siku nyingi. "Na nimefurahi kudanganywa. Nilikuwa natembea na thelathini na tisa yangu kama cheo."

"Nilitaka kukustiri."

"Najua. Lakini Mama Futi, unamstiri mtu aliyefanya kosa. Mimi kosa langu nini? Kula?"

 Miaka yote Mama Futi aliamini anawafichia wenzake aibu, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia, kwa kila inchi aliyoipunguza, kwamba aibu ipo. Akaumia. Tena akaona wepesi fulani, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, na hakujua lipi lilitangulia.

Mkoba ulikuwa umeshafungwa zipu. Pini alikuwa mlangoni.

"Baba Pini," Mama Futi akasema, "una mdomo?"

Fundi aliachana na ukuta kwa shida. Kumwomba radhi mtoto, tena wa mwisho, tena mbele ya wateja, ni jambo ambalo baba yake hakulifanya, wala babu yake. Akaishusha chaki sikioni, akaigeuzageuza, akaiweka mezani.

"Binti yangu," akasema, "kadi zako ni sawa. Mkono wangu ndio uliokosea, na nikakutupia wewe lawama. Nisamehe."

 "Nimesikia, baba," Pini akasema, lakini mkoba hakuushusha.

"Basi tupimwe upya," Matroni akaamuru, akisimama. "Na hilo pazia lifunguliwe. Nguo tumevaa, hatuna la kuficha. Pima wewe, Mama Futi. Na utaje."

Mama Futi akavuta pazia, pete zake zikalia. Akamzungushia Matroni futi kiunoni, akasoma. Ulimi wake ulikuwa umeshaandaa uongo, mtamu na laini kama kawaida.

"Thela..." akaanza.

Kila mtu alimtazama. Mlangoni, Pini pia alimtazama. Mama Futi alivuta pumzi, na kwa sauti yote iliyokuwa imebaki kifuani akasema:

"Arobaini na moja!"

Hakuna kilichoanguka. Muuza mkaa alirudi kwenye gunia lake. Matroni alinyoosha mabega akasema, "Rudia, wa nyuma hawakusikia," na Mama Futi akarudia, akicheka na kukohoa pamoja. Kisha nyonga, kisha kifua, kisha muuguzi wa pili na wa tatu, na wengine wakaanza kugombea zamu.

Fundi alikuwa na chaki mkononi na hana pa kuandikia. Akatazama namba zikipita, akatazama meza, mwisho akamtazama binti yake.

"Pini," akasema, na hakuamrisha. "Nionyeshe. Hizi kadi zako, kiuno kinaandikwa mstari gani?"

 Pini akarudi ndani, akafungua zipu ya mkoba, akatoa kalamu, akasogeza kiti karibu na baba yake akaketi.

"Wa tano," akasema. "Na usiongeze kitu."