Mashine Yangu Ilipokaa Eda

Usiku wa kuamkia leo niliota mashine yangu imefiwa na mumewe.

Wala sikushangaa sana. Ni mashine ya kuchonga mbao, kuukuu, na kompyuta iliyokuwa ikiiongoza ilitoa moshi juzi hivi ikafa mchana kweupe. Fundi Makame akatuletea kompyuta mpya. Amehangaika nayo mpaka macho yamemwiva, lakini kila duara analochonga haligusani. Linaanza hapa, linaishia pembeni kidogo, kama mlevi aliyekosa mlango wake. Kaka yangu Mbwana akasema basi, imetosha, asubuhi wanakuja watu wa chuma chakavu.

Karakana yetu ya Ngamiani ni ya kwetu sote wawili, mimi na kaka. Lakini mashine ndiyo iliyofanya watu waniite fundi Mize. Ikiondoka nitarudi kupiga msasa vitanda vya kaka na kumchemshia chai. Nililala nikiwaza hilo.

Sasa ndoto. Naingia karakanani, nakuta si karakana, ni chumba cha shangazi yangu kule Pangani. Mashine imekaa kitandani, imejifunika shuka jeupe gubigubi. Chini, mkekani, vimekaa visu vyake vya kuchongea, vinachambua mchele.

"Hodi," nasema.

"Karibu. Sema polepole," kinajibu kisu kinene. "Bi Mkubwa yuko edani."

"Eda ya nani?"

"Ala! Ya marehemu kompyuta. Kwani wewe hukuja matangani?"

Nasema nilikuwa na mteja. Visu vinatazamana. Nakaa mkekani, nachambua mchele kama wenzangu.

Nje kuna mtu anakohoa. Nachungulia. Ni kompyuta mpya, amevaa kanzu ambayo bado haijatolewa nailoni ya dukani.

"Shikamoo, mama," ananiambia.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Kazi. Mwambie mashine: nenda kulia. Nenda kushoto. Shuka. Chonga."

"We! Hujui kuna msiba humu?"

"Msiba siujui. Najua kulia, kushoto, kushuka na kuchonga."

"Huyo kaja kuposa," kisu chembamba kinanong'ona nyuma yangu. "Kanzu safi, adabu hana."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," kinasema kile kinene, na mchele unaendelea.

Nageuka, naona chumba hakina tena ukuta wa nyuma. Ni uwanja wa mpira. Mizani imetundikwa kwenye goli, na mtu wa chuma chakavu anapima kichwa cha treni. Kaka Mbwana amevaa nguo za refa, kamba mkononi, filimbi mdomoni.

"Anayefuata!" anaita mtu wa mizani.

"Ni huyu hapa," anasema kaka, anaingia mpaka kitandani na kuanza kumfunga Bi Mkubwa kamba, shuka na vyote.

"Kaka, huyu ni mjane!"

"Ni kilo nyingi, dada. Si tulikubaliana?"

"Ulikubaliana na nani? Wewe na kamba yako?"

Anakaza fundo. Haki ya Mungu, nilitaka kumng'ata mkono.

Ndipo nikamwona kadhi. Ameketi pembeni kwenye kigoda, mfupi, mnene, mwekundu kichwa kizima. Nikamtambua papo hapo: ni kile kitufe cha dharura cha kwenye mashine. Kazi yake ni moja, kusimamisha kila kitu. Nikampiga kofi la utosi.

Dunia ikasimama, tukabaki tunasogea mimi, visu, mjane na mposaji wake. Mpira umening'inia hewani, kuku ameruka na hajashuka, na mate yaliyomtoka kaka wakati wa kubisha yako nusu ya safari.

"Sema shida yako," anasema kadhi. "Ukimaliza nizungushe kichwa kulia, vitaendelea."

"Mheshimiwa, mjane anapimwa kwa kilo?"

"Akifanya kazi hapimwi. Asipofanya ni chuma."

"Atafanyaje kazi na yuko edani? Bwana mpya mwenyewe kasimama mlangoni, anatoa amri tu."

Kadhi akafikiri, taa yake ikafifia kidogo.

"Aliye edani haposwi kwa tamko," akasema. "Kuashiria kumeruhusiwa. Basi aashirie."

Naenda mlangoni. "Umesikia? Usiamrishe. Ashiria."

"Kuashiria ndiyo kufanyaje?"

"Kusema kama vile husemi."

Anatoa joto. Feni yake inavuma mpaka kanzu inajaa upepo.

"Nenda kulia," anasema, kwa sauti ndogo.

"Loh! Hiyo bado ni amri."

"Tafadhali nenda kulia."

"Hiyo ni amri iliyooga."

Anainamisha kioo chake. Kisha anasema, akitazama dari, "Mtu fulani angesogea kulia, pasingekuwa na ubaya."

Shuka linatikisika. Bi Mkubwa anasogea kulia. Visu vinapiga vigelegele, kisha vinajiziba midomo, vimekumbuka msiba.

"Na mtu huyo angezunguka, akarudi alikotoka," anaendelea kompyuta, sasa amepata moyo, "majirani wasingesema neno."

Bi Mkubwa anazunguka. Mbao inatoa unga, naona duara linakuja, linakuja, linafika. Haligusani.

Mtu wa mizani amesimamishwa kama wenzake wote, lakini naona nyusi yake moja inapanda.

Nikalia. Nililia kama mtoto, mbele ya visu, mbele ya kadhi, na wala sikujali. "Bwana wee," nikamwambia kompyuta, "mwenzio aliishi naye akamjua. Wewe unamsukuma tu. Umemuuliza nini tangu ufike?"

Feni ya kompyuta ikatulia. Aliposema tena sikuisikia ile haraka yake ya dukani.

"Kama mtu fulani angekuwa na mahali panapomuuma," akasema, "wapo ambao wangependa kujua."

Mchele ukaacha kuchambuliwa. Bi Mkubwa akashusha shuka, akatoa uso. Sauti yake ilikuwa kavu, ya chuma kisichotiwa mafuta.

"Kuna mtu," akasema, "goti lake la kulia limelika. Akigeuza safari, lachelewa unywele mmoja. Marehemu alikuwa akimwongezea huo unywele kila anapogeuka. Kila siku ya Mungu. Wala hakumtangaza."

"Watu wamesikia," akajibu kompyuta.

Nikamshika kadhi kichwa, nikamzungusha kulia. Kuku akatua, mpira ukatua, mate ya kaka yakatua. Bi Mkubwa akaanza duara jipya, polepole. Nikainama nione kama litagusana, na hapo hapo nikaamka.

Sikunywa hata chai. Nilifika karakanani nimevaa kanga ndani nje. Kaka Mbwana na watu wake walikuwa wameshaizungusha mashine kamba, na fundi Makame anakusanya bisibisi zake mfukoni.

"Fundi, fungua hilo bati la upande wa kulia," nikasema.

"Dada Mize, hapo hapafunguliwi. Waliotangulia walipapiga ribiti, wakapafunga moja kwa moja. Hata mimi sijapata kupaona ndani."

"Fungua."

Akatazama uso wangu, akachukua patasi na nyundo. Bati likabanduka. Ndani, pale skrubu ndefu inapopita kwenye nati, akatia jicho, akatia kidole. Kisha akang'oa unywele mmoja kichwani mwake, akaupitisha kwenye pengo kati ya nati na skrubu. Ukaingia wote, ukatokea upande wa pili.

Akaenda kwenye kompyuta, akaiwekea iongeze kiasi hicho kila inapogeuza. Akaichongesha. Duara likagusana, hata ukucha wangu haukupata pa kukwama.

Kaka Mbwana alishika mbao, akaigeuza juu na chini.

"Nani kakwambia kuhusu hiyo nati?" akauliza.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Fungua kamba zako, kaka. Halafu tokeni nje wanaume wote, huyu mama yuko edani."

Akamtazama Makame. Makame akatazama ule unywele. Wakafungua fundo moja moja, wakatoka na watu wao wa chuma chakavu. Nikarudishia mlango, nikaanza kazi.