Mitaa ya Mwani

Siku ya nne mfululizo nahesabu mwani. Ndiyo kazi yangu katika maabara hii ya kando ya ziwa: naletewa maji kwenye vichupa, naweka tone chini ya hadubini, nahesabu vimea ambavyo jicho tupu halivioni, kisha naandika ziwa lina hali gani, maana kila aina ya mwani ina maji inayoyapenda. Maji haya yametoka ghubani anakochota wifi yangu Kabula na kijiji chake kizima. Tangu Jumanne najua wanakunywa nini. Nilimwambia mkuu wangu, Bwana Bugingo, akasema, subiri ripoti ya mwisho wa mwezi, Nyanjige, tusiwatie watu hofu. Nami kwa uchovu nikasubiri. Sasa ni saa nane mchana, Ijumaa, shingo inauma, jicho liko kwenye lenzi, na lile duara la mwanga linanivuta polepole mpaka najikuta nimeingia ndani yake kwa miguu yangu.

Natembea kwenye barabara ya maji yasiyolowesha. Kando yangu yupo mtu asiye na uso, mahali pa uso pamekuwa laini kama ganda la yai. Huku na huku zimesimama nyumba za kioo, nyingine ndefu kama mitumbwi, nyingine duara kama visahani, nami nazifahamu zote, ni mwani wenye maganda ya kioo niliokuwa nikiuhesabu nilipoanza kazi, maji yakiwa bado safi. Kila nyumba inaakisi nyingine, na katika kila kioo namwona Nyanjige wa siku zile, hajachoka. Huu ni mtaa gani? nauliza. Huu ni mwaka, anajibu. Tunakata kona, kona inatuleta mtaa uleule, ila nyumba zimepungua. Tunakata tena, zimepungua zaidi. Wenyewe wamehamia wapi? Hawakuhama, walizibiwa jua. Na nani? Na mgeni anayekula kwenye shamba asilolilima. Naelewa, anamaanisha mwani wa kijani unaolishwa na mbolea inayosombwa na mvua hadi ziwani, lakini hata kuelewa kunanichosha. Kona ya mwisho haina nyumba. Kuna kijani tu, kizito kama rangi ya mafuta, nyuzi za shanga zinazofanana, na kwa mazoea naanza kuzihesabu, nikifika mia zimeongezeka, naanza upya, nikifika mia naanza upya. Nataka kukaa. Ukikaa hapa, anasema asiye na uso, utahesabiwa.

Mbele yetu Kabula amechutama, anausukuma ule ukijani kwa mgongo wa mkono na kujaza ndoo. Wifi, usichote, namwambia. Anasema, mbona tunayachemsha? Sumu ya mwani huu haiondoki kwa kuchemsha. Anatua ndoo. Umejua tangu lini? Tangu Jumanne. Hanigombezi. Anasema tu, siku tatu hizi nimempikia mama uji kwa maji haya. Mama huyo ni mama yangu mzazi. Namgeukia mwenzangu aseme neno, lakini hana mdomo, mimi ndiye ninao.

Nainua kichwa. Hadubini imeniachia alama ya duara kuzunguka jicho, saa ya ukutani inasema nane na nusu. Simwulizi Bwana Bugingo. Nampigia Kabula. Wifi, maji yote ya ghuba yamwageni, mama asiyaguse. Anashangaa. Lakini wifi, si umeshatuambia? Ulikuja mwenyewe asubuhi, umechoka, lakini kiti ukakikataa. Tumeyamwaga, mama kanywa ya kisima cha shule. Mimi sijatoka humu maabarani tangu asubuhi. Au nimetoka. Mwanga wa dirishani ni mweupe mno, hauna kivuli, na sijui kama nimelala kule au nimelala hapa, wala sina nguvu ya kuchunguza. Wapitie na majirani, nasema, nyumba kwa nyumba. Niliwapitia wote, wifi, kama ulivyoagiza. Basi wapitie tena, namwambia.