Mitutu Iliyopakwa Weusi

Bernadine Kopp hakupenda kuthamini bunduki jikoni kwa watu waliofiwa. Jikoni kuna harufu ya kahawa iliyokaa motoni mno, kuna sinia za viazi na jibini walizoleta majirani, na kila neno la bei linasikika kama tusi. Lakini Corinne Stroud alimpigia simu akilia, na Bernadine hana moyo wa kumkatia simu mtu anayelia. Basi asubuhi hiyo ya Novemba akaendesha gari kupanda na kushuka vilima vya kaskazini mwa New York mpaka shamba la akina Stroud, akakuta bunduki imelazwa mezani juu ya taulo, na kaka yake Corinne, Wade, amesimama kando yake kama askari wa zamu.

Mambo yalikuwa hivi. Mzee Harlan Stroud alikuwa amefariki, mwili wake ukachomwa kama alivyotaka, na Wade alikuwa amejaza majivu kidogo ndani ya risasi mbili, pale panapokaa marisau. Hilo si ajabu. Wawindaji wengi wa vilima vile huagwa hivyo, wakarushwa angani juu ya shamba walilolilima. Kilichomtia Corinne hofu ni bunduki aliyoichagua kaka yake: ile ya mitutu miwili iliyokuwa ya babu yao, iliyofungiwa kabatini tangu wao wakiwa watoto, na ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Corinne alitaka mjuzi aitazame kabla haijapigwa. Wade alitaka mjuzi aseme bei, anywe kahawa, aende zake.

Bernadine akavaa miwani. Aliikunja bunduki ikafunguka katikati, akachungulia ndani ya mitutu kuelekea dirishani, akaifunga tena na kuitikisa taratibu karibu na sikio. Namba ya kwenye chuma cha kati na namba ya kwenye mitutu zilikuwa moja, jambo jema. Kitako kilikuwa cha mti wa jozi na hakuna mjinga aliyekipitishia msasa. Pembeni palikuwa na nakshi ya mbwa na kware, na manyoya ya kware yalihesabika bado. Nyundo zake zilikuwa za ndani, zisizoonekana. Ilikuwa bunduki ya daraja la juu, iliyotengenezwa jimbo hilo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na moyo wa Bernadine uliruka kidogo, maana hata baada ya miaka mingi ya kuthamini bunduki bado aliipenda kazi yake.

Vifyatulio hakuvigusa. Katika kazi ile, mtu anayefyatua bunduki kuukuu ikiwa tupu huonekana hakulelewa, kwa sababu chuma cha zamani kikigonga hewa huvunjika. Watoto wa Stroud nao walifundishwa hivyo hivyo tangu wadogo.

Kilichomkera ni weusi wa mitutu. Ulikuwa weusi mzito, wa kupakwa, usiolingana na umri wa nakshi. Akakibandua kile kipande cha mti cha mbele, kinachokaa chini ya mitutu pale mkono wa kushoto unaposhika, akakiweka juu ya taulo. Chini yake rangi haikushika vizuri. Akainamisha taa, akaona alichoomba asikione: mistari myembamba iliyojipinda na kupitana, mtutu mzima, kama ukindu wa mkeka.

“Nani aliipaka hii?” akauliza.

Hakuna aliyejua. Wade alisema imekuwa hivyo siku zote, na kwani weusi una ubaya gani.

Bernadine akawaeleza, na alijitahidi kueleza polepole. Zamani mafundi walisokota nyuzi za chuma laini na chuma kigumu pamoja, wakazizungusha juu ya ufito na kuzigonga zikiwa moto mpaka zikashikana zikawa mtutu. Mtutu wa namna hiyo ulivumilia baruti ya enzi zake, ile nyeusi ya moshi mwingi. Kilipoingia chuma kipya, mitutu ya kusokotwa ikapitwa na wakati, na wapo walioipaka weusi ili waiuze kama ya kisasa. Ndani kuna kutu iliyokula vishimo karibu na mahali risasi inapokaa. Risasi alizojaza Wade zilikuwa na baruti ya leo, na baruti ya leo haina mswalie Mtume.

“Ikipasuka, inapasukia hapa,” akasema, akiweka kidole chini ya mitutu. “Mkono wa kushoto ndio unaokwenda. Namfahamu mtu aliyebaki na vidole viwili, na siku ile alikuwa amesimama vizuri tu, kama wewe.”

Wade akacheka bila furaha. Akauliza bei. Bernadine akasema ingekuwa mitutu ya chuma kipya, wangegombania mnadani mpaka dola elfu sita. Hivi ilivyo, na mitutu yake imeharibiwa kwa rangi, labda mia nane, na mnunuzi ataitundika ukutani.

“Ahaa,” Wade akasema, akimgeukia dada yake. “Sasa nimeelewa. Unaiangusha bei ili ulinunue fungu langu kwa bei ya kuku. Na bibi huyu umemwambia aimbe wimbo gani?”

Machozi yakamtoka Corinne. Bernadine alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki: miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba neno lake linanunuliwa. Akaichomoa mitutu kwenye kitako, akatoa kamba mkobani, akaifunga kwenye ndoano iliyo chini ya mitutu hiyo, akaining'iniza hewani kwa mkono mmoja, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Mitutu mizima hulia kama kengele, na mlio hukaa. Ile ilitoa sauti fupi na nzito, sauti ya chungu chenye ufa.

Wote watatu waliisikia. Wade alitazama sakafu, na Bernadine akadhani amemwokoa.

Lakini nje watu walikwisha kufika. Malori madogo yalikuwa yamepangwa uani, ami yao Lyndon alikuwa anapanda kilima na mchungaji, na wanawake walikuwa wamevaa makoti yao mazuri. Wade akaichukua mitutu, akaipachika kwenye kitako. Kikabaki kile kipande cha mti. Bernadine alikuwa amekishika, na bila kufikiri akakitia mfukoni mwa koti. Bila kipande kile mitutu haikai imara, na hakuna mwindaji atakayeipiga.

Wade alinyoosha mkono. Hakupaza sauti.

“Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliiiba kabatini nikaenda nayo shambani. Baba alinifuata, akaninyang'anya, akanizaba kofi mbele ya rafiki zangu. Hakusema kwa nini. Tangu siku hiyo kila nikimwomba ananiambia ngoja, Wade, ngoja. Nimengoja mpaka amekufa. Hicho ni cha baba yangu, mama. Nipe.”

Mthamini hazuii kipande cha bunduki ya mtu. Ndiyo sheria ya kwanza, na marehemu mumewe aliirudia kama sala. Bernadine akakitoa mfukoni akampa, na alipompa tu akajichukia.

Wakapanda kilima. Mahindi yalikwisha kuvunwa, visiki vyake vilikuwa na barafu, na upepo ulipita kwenye miti iliyopukutika. Corinne alimshika kaka yake mkono, akasukumwa. Akamwomba tena njiani, akasema yuko tayari kumwachia shamba zima, na Wade akaongeza mwendo. Ami Lyndon, mzee mfupi mwenye kofia ya rangi ya chungwa, akauliza kuna nini, na Bernadine akamweleza kwa maneno machache. Mzee akatikisa kichwa.

“Asiyesikia la mkuu,” akasema, na hakumalizia.

Mchungaji alisoma. Bernadine hakusikia hata neno moja. Alikuwa akitazama mkono wa kushoto wa Wade, mpana, wenye kovu la zamani kwenye kidole gumba na pete ya ndoa iliyobana. Mchungaji alipofunga kitabu, Wade akatia zile risasi mbili na kuifunga bunduki, na Bernadine akasahau adabu zake zote.

“Wote nyuma ya malori,” akasema kwa sauti ya kusikika. “Tafadhalini. Bunduki hii si salama.”

Watu waliona haya kukimbia mazishini, wakatazamana. Halafu ami Lyndon akaanza kutembea, na wengine wakamfuata, wanawake wakishika kofia zao. Wade alibaki peke yake kwenye visiki vya mahindi, na alipogeuka akaona ukoo mzima umejificha. Uso wake uliiva.

“Hata leo,” akasema. “Hata leo mnaniona mtoto.”

Akainua bunduki mbinguni, mkono wa kushoto chini ya mitutu, akavuta.

Kikasikika kishindo kidogo cha chuma ndani ya bunduki. Basi.

“Usiifungue!” Bernadine alipiga kelele, maana risasi yaweza kuchelewa na kulipuka mtu akishaikunja bunduki mbele ya uso wake. “Ielekeze juu hivyo hivyo!”

Wade alisimama, bunduki ikielekea juu. Upepo ulipita. Mtoto alilia mahali fulani nyuma ya lori akanyamazishwa. Kisha Wade, ambaye ukaidi hakuuazima popote, akavuta kifyatulio cha pili. Kishindo kile kile. Majivu ya mzee Harlan yakakaa kimya mahali pake.

Bernadine aliwafanya wangoje mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha akamwendea, akaichukua bunduki kutoka mikononi mwake, na safari hii Wade hakuzuia. Akaikunja, akazitoa zile risasi, akaitazama shaba iliyo katikati ya makalio yake, pale ambapo ncha ya nyundo hugonga na kuacha shimo. Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

Akaenda nayo kwenye lori, akatoa bisibisi mkobani, akafungua ubavu wa kwanza wenye nakshi ya mbwa. Hapo ndipo alipoelewa. Ncha ya nyundo ilikuwa imesagwa kwa tupa mpaka ikawa butu. Haikuwa kazi ya fundi wa bunduki. Ilikuwa tupa ya shambani, ya kunolea shoka, na mikwaruzo yake ilikuwa mipana na ya haraka. Lakini mtu huyo alikuwa amerudi tena na tena kuipaka mafuta, kwa sababu hapakuwa na kutu hata chembe. Upande wa pili hali ilikuwa ile ile. Bunduki ingeweza kubebwa, kufunguliwa, kupendwa na kupigwa picha. Kulia isingelia tena, na kwa vile hakuna Stroud anayefyatua bunduki tupu, hakuna aliyegundua.

Akamwita Wade, akamwonyesha ile ncha. Wade akapitisha kidole juu ya mikwaruzo. Alikuwa mtu wa shamba, tupa aliijua.

“Hii ni ya baba,” akasema. “Tupa ya bandani, ile yenye jino lililovunjika. Ona mstari wake.”

“Basi alijua mitutu ni ya namna gani,” Bernadine akasema.

“Mbona hakuniambia?”

Ami Lyndon alikohoa, akasema kaka yake Harlan hakuwa mtu wa kueleza. Siku ile ya kofi alirudi na bunduki kutoka shambani, akakaa bandani mpaka giza, na alipotoka mikono yake ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba hakuweza kushika kikombe. Lyndon alidhani ni hasira.

Wade alikaa kwenye ubao wa nyuma wa lori, akaufunika uso wake kwa viganja, akamlilia baba yake mbele ya watu wote. Corinne akaja akakaa karibu naye, na safari hii hakusukumwa.

Baadaye, kwa kuwa lazima mtu aulize, Corinne aliuliza bei sasa ni ngapi. Bernadine akasema nyundo zikishasagwa hivyo, hakuna atakayetoa hata mia tatu.

“Haiuzwi,” Wade akasema.

Akatoa kisu mfukoni, akazipasua zile risasi moja baada ya nyingine, majivu akayamimina kwenye kiganja, baruti akaiacha idondoke chini. Akatembea mpaka katikati ya shamba. Watu walitoka nyuma ya malori na kusogea karibu, hakuna tena aliyeogopa. Wade akangoja upepo ugeuke, kisha akaufungua mkono wake wa kushoto, vidole vyote vitano, na mzee Harlan akaondoka.