Kelele za Nyamizi Mawinguni

Usiku wa jana niliota nimepanga foleni mawinguni, kaseti yangu kwapani. Mwanangu Shija ndiye aliyenisumbua mchana kwa simu: "Baba, peleka nyimbo zako kwenye wingu. Zinatunzwa huko, ukitaka unazisikiliza kwenye simu. Mwezi wa kwanza ni wa kujaribu, bure." Cha bure nakiogopa, lakini ndotoni mtu haulizwi.

Wingu lenyewe ni kama stoo ya pamba, vumbi tupu. Mapokezi kuna sikio moja kubwa, limevaa tai.

"Shikamoo, mzee," linasema.

"Marahaba. Mkubwa yupo?"

"Yuko semina."

Sikushangaa. Mke wangu Nyamizi alikufa hospitali huku funguo za stoo ya dawa ziko mfukoni mwa mkubwa, na mkubwa yuko semina. Nilidhani ni huku chini tu.

Sikio linaimeza kaseti, linasikiliza. Ni wimbo wa dansi niliourekodi zamani kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio ya jirani. Ukishabonyeza, nyumba nzima inatakiwa kunyamaza. Nyamizi hakuwahi kunyamaza. Gitaa limekolea, yeye huyo: "Baba Shija! Maharage yanaungua, na wewe umeikodolea macho redio kama ndiyo iliyokuzaa!"

"Wimbo huu tunao," sikio linasema. "Safi kabisa. Tunakupa wetu, wako tunautupa. Ndio utaratibu."

"Huo wenu una mke wangu?"

"Hauna kelele yoyote."

"Basi si wimbo wangu."

"Mzee, gitaa ni lile lile."

"Gitaa lina wenyewe. Mimi nimeleta kelele."

Kaseti ikakohoa humo ndani. "Mzee, nitoe. Huku kunanata."

Mara wingu limekuwa wodi. Sikio limelala kitandani, mimi nimevaa koti jeupe, mkononi nina upawa. Hakuna mkubwa wa kuomba ruhusa, basi nauingiza ndani ya sikio. Wanatoka wapiga tarumbeta watatu waliojaa nta, wananipa pole ya msiba, wanakwenda zao. Nachota tena. Ndipo inatoka ile kelele. Ina joto, imevimba kidogo, kama andazi.

Sikio linalalamika: "Hiyo hairuhusiwi kutunzwa hapa! Ukitoka nayo, ni juu yako."

"Miaka yote ilikuwa juu yangu," nikaliambia.

Nikaitia kwenye mfuko wa shati. Ikaanza hapo hapo.

"Baba Shija, umekonda! Bado unagombana na wakubwa?"

"Wao ndio walioanza."

"Na wao wameshakula. Wewe je?"

"Nitakula nikiamka."

"Haya, fungua mfuko. Nasikia kitu kinaungua huko chini."

"Nikifungua utapotea."

"Mimi? Nani aliwahi kunipoteza mimi? Fungua, mwanamume!"

Nikafungua. Ikaruka kuelekea mtaani kwetu, inafoka njia nzima, mpaka sikuisikia tena.

Nikaamka. Kumekucha, umeme hakuna, wenye umeme wao wamelala. Nikapapasa mfuko wa shati. Mtupu. Nikakaa kitandani nimeushika hivyo hivyo.

Mlango ukabishwa. Ni Mama Sikujua, jirani yangu wa chumba cha pili, ana sufuria ya mihogo.

"Shikamoo, Mzee Maganga. Huyo mama mgeni wako ameamka? Nataka nimshukuru."

"Mama gani?"

"Usinifiche, wewe ni mtu mzima! Nilibandika mihogo alfajiri nikapitiwa na usingizi, maji yakakauka. Amesimama dirishani kwangu akanigombeza mpaka nikaruka kitandani. Na ana mdomo huyo! Kanifokea utadhani nimeolewa na mwanawe."

Nikaachia mfuko.

"Ndivyo alivyo," nikamwambia. "Mzoee tu."

Nikaingia ndani kutafuta bakuli.