Fulana Mia Tisa za Gandhi

Pale kiwandani Mwanakhamis alifungua robota la kwanza, akatoa fulana ya juu, akaikunjua, akaisogeza kwenye mwanga. Palipotakiwa kuwa na mzee mwenye upara, miwani ya duara na shuka jeupe begani, palikuwa na kijana. Kijana mwenye masharubu, nywele nyeusi zimelazwa upande, suti, na tai imemkaba shingo.

"Heriel! Njoo uone. Huyu nani?"

Heriel ndiye aliyekuwa akimsafirishia mizigo, mtu wa Same aliyekaa Guangzhou mpaka Wachina wenyewe humwuliza njia. Aliinama akaangalia. "Mimi nimjulie wapi, mama? Mzigo wako huu."

"Mzigo wangu ni Gandhi. Huyu karani wa posta!"

Fulana hizo mia tisa ziliagizwa na chama cha mawakili vijana wa Dar es Salaam, wale wanaowatetea maskini bure. Walitaka kuzivaa tarehe mbili Oktoba, siku aliyozaliwa Gandhi, na Mwanakhamis alimwapia mwenyekiti wao, Wakili Othman, kwamba zitafika. Bandari ya Nansha ilikuwa inafunga kupokea kontena kesho saa sita mchana. Zikiikosa meli hiyo zingefika sikukuu imekwisha, na fulana ya sikukuu iliyopita ni ya kudekia tu.

Kosa lilianzia mbali, na tuliseme kama lilivyo. Othman alituma picha ndani ya faili. Mwanakhamis hakulifungua. Alilipokea akalisukuma vilevile kiwandani Shahe, mtaa wa nguo wa Guangzhou, kama mtu anayepitisha sahani ya pilau bila kufunua kawa. Gandhi nani asiyemjua? Alimwona darasa la sita kwenye kitabu cha historia, na upara wake. Kiwanda kilipomtumia sampuli kwenye simu alijibu kwa kidole gumba huku akipatana bei ya viatu, wala hakuikuza picha. Wewe unayesoma, ukipewa kitu ukipitishe, funua kwanza. Haya yasikupate.

Sasa alitaka kulifungua hilo faili, lakini ile VPN ya kufungulia WhatsApp ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Akapiga simu Dar. Huku saa tano na nusu, kule ndiyo kwanza kunakucha. Simu ya Othman imezimwa.

"Mama Ilham, tusubiri Dar waamke," alisema Heriel. "Masaa mawili tu."

"Masaa mawili, na kontena litanisubiri? Kontena lina huruma?"

Bi Chen, laoban wa pale, yaani bosi, alikuja na simu yake mkononi, akanyoosha kidole kwenye kioo, akiongea haraka.

"Anasema picha ndiyo hii uliyomtumia wewe," Heriel alifasiri. "Angalia basi, mama."

"Sitaki kuonyeshwa simu. Simu yake itaonyesha anachotaka yeye."

Hapo ndipo shetani wa haraka alipompanda kichwani. Akaamuru: uso huo ufunikwe kwa pande jeusi kwenye fulana zote, na mgongoni achapwe mzee mwenye upara. Leo hii hii. Bi Chen alitazama dari, akaandika karatasi, na Mwanakhamis akatia sahihi. Kisha Bi Chen akasema maneno marefu.

"Kasemaje?"

"Kasema sawa."

"Maneno yote yale ni sawa?"

"Kichina kirefu, mama."

Mwanakhamis alishuka akaenda kula tambi kwenye mkahawa wa Waislamu mtaa wa pili, amejaa ushindi. Picha ya yule kijana, aliyoipiga kiwandani, akamtumia bintiye kwenye WeChat, WhatsApp ya Wachina. Ilham alikuwa mwaka wa pili chuoni hukohuko Guangzhou, akisomea sheria kwa ufadhili. Akamwandikia: *Ona walivyotaka kunizika. Nimewakomesha.*

Saa saba Ilham alitoka darasani, akapiga. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Mama, huyo ndiye!"

"Ndiye nani?"

"Gandhi. Hapo bado wakili, yuko Afrika Kusini."

"Nenda zako. Gandhi ana suti?"

"Alikuwa nayo! Alisomea uwakili London, mama. Kesi yake ya kwanza Bombay alisimama mbele ya jaji, maneno yakamgoma, akarudisha ada ya mteja, akaondoka. Wakamchukua wafanyabiashara Waislamu wa Kigujarati, aende Afrika Kusini kuwasaidia kesi yao. Njiani akapita na Zanzibar kwenu."

"Zanzibar? Kwetu hasa?"

"Kwenu hasa. Kufika kule, ana tiketi ya daraja la kwanza, ana suti hiyohiyo, wakamtupa nje ya treni kwa sababu ya rangi yake. Akakaa stesheni na baridi usiku kucha. Alikwenda kwa kazi ya mwaka mmoja, akamaliza kama ishirini na moja. Suti aliivua baadaye, na yuko India akabaki na shuka tu, alipoona maskini wake hawana cha kuvaa. Huyo mzee wako wa darasa la sita ndiye huyu, kazeeka. Hao mawakili wanataka wakili mwenzao, ndiyo maana wakachagua hiyo. Tena angekuona na fulana za Shahe angekukasirikia, alikuwa akitaka watu wavae nguo walizofuma wenyewe."

Mwanakhamis alikuwa hacheki. Kijiko kilimdondoka.

"Ilham. Nimeamuru wamfute."

"Nini?"

"Uso. Wote. Mia tisa. Nimetia sahihi."

Alitoka mbio, baibui kalikusanya mkononi. Akampigia Bi Chen, haipokelewi. Heriel, haipokelewi. Lifti ilikuwa imeziba kwa marobota, akapanda ngazi, ghorofa sita, mama wa miaka hamsini na mbili, akihesabu akilini fulana ngapi mashine humeza kwa saa moja. Kila ghorofa aliongeza mia. Alipofika mlangoni alisikiliza. Kimya. Hakuna mashine inayolia. Basi wamemaliza, alijisemea, na akausukuma mlango kama mtu anayeingia msibani.

Taa zilikuwa zimezimwa. Watu walikuwa wamelala. Mmoja juu ya robota, wawili kwenye maboksi yaliyokunjuliwa, Bi Chen kwenye kitanda cha kukunja, kitambaa usoni, anakoroma. Usingizi wao wa mchana, kumbe ndiyo yale maneno marefu ya Bi Chen. Miaka tisa Mwanakhamis alikuwa akiwacheka kwa usingizi huo, watu wazima wanalala kama watoto wa chekechea.

Rangi nyeusi ilikuwa tayari imekorogwa, imefunikwa kwa nailoni. Kwenye kamba ilining'inia fulana moja ya majaribio, kifua cheusi ti. Moja tu. Akayafungua marobota yote. Masharubu, tai. Masharubu, tai. Akakaa chini sakafuni, akasema Alhamdulillah bila sauti, machozi yakamtoka, akawa anaogopa hata kupenga kamasi asije akamwamsha fundi.

Alilinda pale mpaka saa nane. Taa zilipowaka alikuwa amesimama mbele ya Bi Chen, akaomba ile karatasi kwa ishara, akaichana vipande vinne. Bi Chen alimtazama, akaitazama fulana nyeusi, akapasuka kicheko, akamgonga begani. Heriel aliporudi kutoka kula, Mwanakhamis alimwahi mlangoni.

"Baba, nisamehe. Uliniambia nisubiri."

"Yamekwisha, mama. Tufunge mzigo."

Saa kumi gari la Nansha liliondoka na marobota yote, fulana mia nane tisini na tisa. Mwanakhamis alikaa kwenye ukingo wa njia, akampigia bintiye.

"Zimekwenda, mwanangu. Salama."

"Alhamdulillah! Nilikuwa darasani, sisikii anachosema mwalimu."

"Hebu niambie. Mama yake Gandhi alisemaje, mtoto kaacha uwakili?"

"Hakuwahi kumwona wakili, mama. Alimwapisha kabla ya kuondoka, asile nyama, asiguse pombe wala wanawake. Alikufa mtoto yuko London. Wakamficha, akaambiwa aliporudi."

Pikipiki za mizigo zilimpita.

"Mama? Uko?"

"Nipo. Jumapili uje ule kwangu."

"Jumapili utakuwa Dar, mama. Ndege yako Jumamosi."

"Basi njoo leo."