Usimchanganye Mtoto

Sokoni walimwita Mama Maneno, na hakuna aliyebisha. Aliuza vitambaa tangu ujana mpaka magoti yalipomwambia basi, na mdomo wake ulikuwa unauza kabla mteja hajagusa nguo. Mtu alipita na haraka zake, akaitwa "shemeji" mara moja tu, akajikuta nyumbani na kitambaa cha pazia ambalo hakuwa na dirisha lake.

Lakini katika nyumba ya mwanawe, Mama Maneno alikuwa bubu.

Alikuja kukaa na mjukuu wake kwa sababu mkwewe alikuwa amesafiri nje kwa mafunzo ya kazi, na dada wa kazi alikuwa ameenda kumuuguza mama yake. Mjukuu alikuwa msichana wa miaka mitano, mnene wa mashavu, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "Bibi". Mengine yote yalikuwa Kiingereza: shuleni, kwenye katuni, mezani, hata akiota.

Mambo hayo yalikuwa na chanzo. Mwanawe alifanya kazi kwenye ofisi inayopokea simu za wateja wa mabara ya mbali, watu wanaolalamika kuhusu mashine walizonunua huko kwao. Siku moja bosi aliye ng'ambo alisema kijana ni hodari lakini ulimi wake ni mzito, wateja hawamwelewi, na cheo akapewa mwingine. Siku hiyo alirudi nyumbani, akambeba binti yake aliyekuwa bado anatambaa, akaapa kwamba huyu hatachekwa na mtu kwa ulimi wake.

"Mama, nakuomba kitu kimoja," alimwambia mama yake alipofika na mzigo wake. "Usimchanganye mtoto. Ongea naye kidogo tu, kwa ishara."

"Kwa ishara? Kwani mimi askari wa barabarani?"

Mwanawe alicheka, lakini hakuondoa neno lake. Mama Maneno akakubali. Nyumba si yake. Basi akawa anamchana mtoto nywele kimyakimya, anamwita "mke mwenzangu" kwa sauti ya chini pale baba mtu asipokuwepo, na mtoto anamtazama midomo kama anayetazama samaki ndani ya kioo.

Mchana ule walikuwa wawili tu. Mtoto alikuwa amekaa sebuleni, anapaka rangi kitabu chake. Mama Maneno alibandika kikaango jikoni, akamimina mafuta ya kukaangia viazi, akawasha gesi. Bomba la sinki lilikuwa linavuja tangu asubuhi, na maji yalikuwa yamejikusanya sakafuni penye marumaru. Aligeuka kuchukua kisu. Kandambili ikateleza, dari ikaja juu yake, kisha ukasikika mlio ndani ya nyonga kama kijiti kinachovunjwa.

Kwanza hakuhisi maumivu, alihisi baridi ya maji mgongoni. Alipojaribu kuinuka ndipo maumivu yalipomjia, akalia kwa sauti asiyoifahamu.

Mtoto akatokea mlangoni na kalamu ya rangi mkononi.

"Mke mwenzangu," alisema Mama Maneno, akijitahidi sauti isitetemeke. "Nenda kamwite jirani. Mlango wa pili. Jirani."

Mtoto alisema kitu kirefu kilichoishia juu, kama swali.

Juu ya jiko, mafuta yalianza kutoa moshi mwembamba. Mama Maneno aliyatazama kutoka chini, akajua yanakoelekea. Swichi ya jiko ilikuwa juu, nje ya kufikia mkono wake. Pembeni ya jiko ulisimama mtungi wa gesi, na juu ya yote lilining'inia pazia la dirisha, jepesi, la kitambaa ambacho yeye mwenyewe aliwaletea zawadi.

"Simu," alisema. "Niletee simu yangu. Ipo kitandani." Akaweka mkono sikioni, kidole gumba na kidole cha mwisho vikiwa vimekunjuliwa.

Uso wa mtoto ukang'aa. Naye akaweka mkono sikioni vilevile, akaanza kupiga soga na mkono wake, akicheka. Alidhani ni mchezo.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomwingia Mama Maneno. Kuanguka alikuwa ameanguka maishani, na maumivu alikuwa anayajua. Lakini kuwa na maneno yote yale na yasimfikie mtu aliyesimama hatua chache mbele yake, hilo hakuwahi kulijua. Alijiona kama mtu aliyezikwa akiwa hai.

Sebuleni kulikuwa na kile kispika ambacho mwanawe alikuwa akikiamrisha kwa Kiingereza kiweke muziki, kizime taa, kipige simu. Mama Maneno akapaza sauti yake ya sokoni kuelekea huko, akakiita kwa jina alilomsikia mwanawe akikiita. "Mpigie mwanangu. Nakwambia mpigie mwanangu."

Kispika kililia kidogo, kikajibu kwa sauti ya mwanamke mpole. Alichoambulia ni "sori" tu. Akarudia, taratibu zaidi. Yule mwanamke akamjibu tena, kwa upole uleule, sori.

Mafuta yakashika moto.

Hayakulipuka. Yalifanya vuu, kama mtu anayekung'uta shuka, na ulimi wa moto ukasimama juu ya kikaango. Mtoto aliacha kucheka. Akaanza kuja kwa bibi yake.

"Toka. Usije. Rudi nyuma." Mama Maneno alinyoosha mikono yote miwili kumzuia. Mtoto aliiona mikono iliyonyooshwa, akajua jambo moja tu analojua kila mtoto kuhusu mikono ya namna hiyo. Akakimbia kujitupa kifuani mwa bibi yake, chini ya jiko linalowaka.

Mama Maneno alimsukuma, kwa nguvu ambayo hakuwahi kumsukumia mtoto wa mtu. "Moto," alipiga kelele, akionyesha. "Moto. Moto." Mtoto alirudi nyuma hadi ukutani, akaanza kulia. Pazia lilikuwa limeshaanza kujikunja kwenye pindo.

Ndipo likamjia neno moja. Alikuwa analisikia kila jioni mlango ulipofunguliwa.

"Dadi," alisema, akionyesha kispika sebuleni. "Dadi. Dadi."

Mtoto alimtazama, kamasi zikimtoka. Kisha akakimbia. Mama Maneno alimsikia akiita kile kispika kwa jina lake, akasema maneno machache, na yule mwanamke mpole akatii mara moja. Simu ikaanza kuita. Ikaita, ikaita, ikakatika. Mwanawe alikuwa kikaoni na mabosi wa ng'ambo. Alikuwa amemuaga asubuhi kwa kusema hivyo.

"Dadi," alisema tena Mama Maneno, na sauti yake ilikuwa imebaki nusu kwa ule moshi.

Mara ya pili ilipokelewa. Mwanawe alinong'ona kwa Kiingereza, kwa ukali wa mtu aliyeaibishwa. Mtoto akajibu kwa kwikwi. Mama Maneno hakungoja.

"Mwanangu, nimevunjika, niko chini jikoni. Jiko linawaka."

Upande wa pili kiti kilisukumwa. Kisha mwanawe akasema Kiswahili kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu yeye akiwa mdogo. "Mama. Mtungi uko wapi? Ngoja nimwambie aufunge."

"Usimlete huku."

"Mama, mtungi ukishika—"

"Nimesema usimlete huku. Mtoe nje. Mwambie apande stuli afungue kitasa, aende kwa jirani. Mimi nitajijua."

Kisha mwanawe alianza kusema Kiingereza, polepole, kwa utulivu wa kazini kwake, ule anaowaonyesha wateja wenye hasira. Stuli ikakwaruza sakafu. Kitasa kikalia. Miguu midogo ikakimbia nje.

Jirani alikuwa dereva wa malori, amelala mchana baada ya safari. Alisimulia baadaye kwamba alifungua mlango akakuta mtoto anamvuta suruali na kumwagia Kiingereza kama mvua. "Mimi nikajua ametumwa chumvi," alisema. "Nikataka kumwambia hatuna. Ndipo akasema, Bibi, moto. Bibi, moto. Nikatoka vile nilivyokuwa." Alivyokuwa ni kaptura na soksi moja.

Alifunga mtungi, akafunika kikaango kwa mfuniko wa sufuria, akaling'oa pazia na kulikanyagia kwenye maji ya sakafuni. Kisha akambeba Mama Maneno hadi kwenye korido, huku akimwomba radhi kwa kila hatua.

Hospitali ilimtia vyuma nyongani. Mwanawe alikaa kando ya kitanda na tai yake ya kikaoni, bado imefungwa, akishindwa pa kuanzia.

"Usianze," mama yake alimwambia. "Bila hicho Kiingereza cha mtoto kile kidude kisingekupigia. Lakini hebu fikiria kama nisingelijua hilo neno Dadi."

Mwanawe alikuwa amelifikiria.

Mtoto alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, hataki kusogea. Akamwambia baba yake jambo kwa sauti ndogo. Baba akainamisha kichwa.

"Anasemaje?"

"Anauliza alikukosea nini. Kwa nini ulimfokea na kumsukuma."

Mama Maneno alifumba macho. Kumbe tangu mchana ule mtoto alikuwa anaogopa kitu kingine kabisa. Haukuwa moto.

"Mwambie hakunikosea," alisema. "Mwambie nilikuwa namwogopea."

Mwanawe akalegeza tai yake. "Mwambie wewe, Mama. Polepole. Nitakuwa hapa."

"Nyonga yangu imejaa misumari halafu unanipa kazi ya ualimu. Leo tafsiri wewe. Kesho nitaanza, na usiniambie namchanganya."

Akatafsiri. Mtoto alisikiliza, akaitazama mikono ya bibi yake juu ya shuka. Mama Maneno hakuinyoosha. Aliogopa kuinyoosha. Alingoja tu, na baada ya muda mtoto akaja mwenyewe, akapanda ukingoni mwa kitanda upande ule usiouma.